Samaki wa Kupigwa Picha

Mjomba wangu anavua samaki ili awarudishe majini. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia ni mvuvi hudhani ana njaa, au ana watoto wa kulisha, naye hana njaa wala watoto. Anavua besi, yule samaki mwenye mdomo mpana kama mfuko wa shati, ambaye klabu ya wenye nafasi ilimleta akiwa kifaranga ndani ya matangi ya maji na kummwaga kwenye bwawa letu. Akimpata humlaza juu ya ubao wenye alama za kupimia, humpiga picha, humsifu kwa sauti ya chini, kisha humwachia. Baada ya hapo hurudi nyumbani kupika maharage.

Chumba chake ni kimoja cha kupanga, na mwenye chumba si yeye. Kitanda kimesukumwa ukutani ili kupisha fimbo za kuvulia, ambazo zimesimamishwa kwenye kona kwa heshima ambayo sijamwona akimpa binadamu. Chini ya kitanda yamo masanduku ya plastiki yenye vijumba vidogo vidogo: minyoo ya mpira ya rangi ya zambarau, vyura wa mpira wenye macho ya kung'aa, visamaki vya mbao vilivyopakwa rangi na kuning'inizwa ndoana tumboni. Minyoo mingine inanukia peremende. Ukimuuliza kama samaki wanapenda peremende, atakuangalia kwa huruma, kama msomi anavyomwangalia mtu aliyeuliza jua linalala wapi. Sufuria anayo moja, na mfuniko wake ni sahani.

Zamani alikuwa mtu wa maana. Alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani, si wa kushona, na alikaa kwenye kibaraza cha duka la vitambaa akiwa na meza, bisibisi na kopo la mafuta. Mafundi nguo wa mtaa mzima walimtegemea. Cherehani ikikata uzi, ikiruka mshono, ikinguruma kama paka mwenye mafua, yeye aliipigapiga, akaisikiliza, akaipasua, na jioni ikarudi kazini. Kisha siku moja mwanachama wa klabu, aliyekuja kununua vitambaa vya mapazia, akamwonyesha rili iliyogoma, kile kigurudumu kinachokunja uzi kwenye fimbo ya kuvulia. Mjomba akaifungua, akakuta mchanga, akaiosha kwa mafuta ya taa, akaitia mafuta ya cherehani. Mwanachama akaizungusha, akacheka, akamgonga begani.

Kule kugongwa begani ndiko kulikomwangamiza. Nimefikiri sana, nimesoma vitabu vya watu wanaoeleza kwa nini mnyonge humwabudu anayemkalia, na bado sijapata maelezo mazuri kuliko hilo. Mtu aligongwa begani na mkono wenye saa nzuri, akapoteza akili.

Wenzake wa yule mwanachama wakaanza kuleta rili zao. Cherehani zikaanza kulala. Fundi nguo mmoja, mama mwenye gauni za maharusi zinazosubiri, alikuja akaambiwa njoo kesho, akaja kesho akaambiwa njoo keshokutwa. Siku ya mwisho alisimama pale kibarazani akamtazama anavyopangusa rili kwa kitambaa laini, akamuuliza, "Fundi, hizi baiskeli za samaki ndizo zitakazokuzika?" Mjomba akakohoa kidogo. Wanachama hukohoa kidogo kabla ya kujibu swali, naye alikuwa ameshawaiga. Wao husema "maji yamekataa leo" wakikosa samaki, naye akaanza kusema maji yamekataa, hata alipokuwa hajatoka kibarazani.

Kayaki aliipata kwao pia. Ni kimtumbwi cha plastiki cha mtu mmoja, unakaa katikati ukiwa umenyoosha miguu na kasia lako mkononi. Ilikuwa ya manjano, imepasuka tumboni, mwenyewe ameitupa. Mjomba akaiziba kwa kuyeyusha beseni la kijani juu ya ufa, na tangu siku hiyo mtaa ukaiita Beseni, na yeye ukamwita Nahodha wa Nchi Kavu, kwa sababu alikuwa akikaa ndani yake katikati ya ua, pasipo hata tone la maji, akirusha uzi ili mnyoo wa mpira uangukie ndani ya ndoo. Wapangaji wenzake walizoea kupita wameinama. Jioni moja uzi ulipinda na upepo, ndoana ikanasa nguo kwenye kamba, naye akavuta kwa nguvu zote akidhani imenasa ukuta. Mke wa jirani akatoka akaikuta nguo yake matopeni. "Shemeji," akamwambia, mbele ya mumewe, "miaka yote hii naishi hapa, na wewe ndiye wa kunivua gauni mchana kweupe?" Ua mzima ulicheka. Mjomba alikohoa kidogo.

Ningemcheka na mimi nikaishia hapo, kama si mama yangu.

Mama ni dada yake mkubwa. Mama yao alipofariki, mjomba alikuwa bado anang'oka meno ya utoto, na dada yake ndiye aliyemlea. Alimlea kwa mshipi. Si fimbo, si rili: uzi uliozungushwa kwenye kopo, ndoana moja, na nati ya baiskeli badala ya chubwi ya kuuzamisha. Alikaa ukingoni mwa bwawa, kwenye pembe yenye miti iliyozama, akavua perege wa kitoweo na wengine wa kuuza. Kwa samaki hao mjomba alikua, akaenda kujifunza ufundi. Kwa samaki hao nami nilikua, nikasoma mpaka chuo. Mama bado anakaa pale pale na wenzake, akina mama na wazee wachache, na klabu imewavumilia kwa masharti: perege wachukue, besi wasimguse. Besi ni wa klabu. Ukimnasa kwa bahati mbaya, unamrudisha na unaomba radhi.

Kila mtu alijua klabu inatafuta sababu ya kuwaondoa. Mjomba alijua kuliko wote, kwa sababu wanachama walizungumza mambo yao mbele yake akiwa ameinamia rili zao, kama watu wanavyozungumza mbele ya paka. Alijua, na hakuwahi kumwambia dada yake. Akipita na Beseni mbele ya ile pembe, wanachama wakiwa karibu, alishika uzi akajifanya anakagua fundo.

Alichokitaka ni kadi. Kadi ya uanachama, yenye picha yake na mchoro wa besi anayeruka. Na njia ya kuipata ilikuwa moja: mwanachama akutambulishe, ushiriki mashindano ya siku moja kama mgeni, umalize ukiwa na samaki wa kuonyesha na bila kosa. Kosa kubwa kuliko yote ni kuua. Samaki lazima apimwe, apigwe picha, arudi majini akiogelea. Ukiua mmoja, hakuna wa kukutambulisha tena. Mwenyekiti, ambaye ni daktari wa meno, alimwambia hilo mwenyewe, kwa upole ule wanaoutumia kwa mtu ambaye bado hawajaamua kama ni mtu.

Siku ya mashindano nilikwenda naye, na si kwa mapenzi. Mama aliniomba nimsaidie mjomba kuibeba Beseni mpaka majini, maana mgongo unamsumbua, na hao wenzake anaowatamani hawakuwa na nafasi kwenye gari. Nikashika mkia, yeye akashika kichwa. Njiani alinieleza habari za minyoo ya mpira mpaka nikatamani kuwa mmoja wao. Kisha nikaenda kukaa na mama ukingoni, nikimtazama akipiga kasia na jaketi lake jipya la rangi ya machungwa. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Hawakusema kwamba mtumwa huyo atajinunulia sare mwenyewe.

Asubuhi nzima maji yalikataa. Kuelekea adhuhuri, wenzake wakiwa wametawanyika upande wa pili, akaja kwenye pembe yetu, akatupa mnyoo pembeni ya mti uliozama. Akauacha uzame. Akauburura taratibu chini ya maji, akasubiri, akauburura tena. Sina ubishi hapo, mkono anao. Aliupata utotoni, palepale tulipokuwa tumekaa. Uzi ukaanza kwenda pembeni wenyewe. Akainua fimbo kwa nguvu, ikapinda mpaka ncha ikagusa maji, na Beseni ikazunguka ikaanza kuvutwa kama kigari cha mtoto. Alipomtia wavuni tukamwona: besi mnene, ana pengo kwenye pezi la mkia kama limeng'atwa, na doa jeusi mdomoni.

Sasa, kuna jambo ambalo mjomba humhubiria kila anayesimama kibarazani kwake, hata muuza karanga. Kabla hujamlaza samaki, lowesha ubao na lowesha mikono. Samaki ana ute mwilini, ndiyo ngozi yake ya juu. Ukimshika kwa ukavu unamchuna akiwa hai. Analisema hilo kwa sauti ya mtu anayefunua siri ya dunia. Na ubao wake ulikuwa umeanikwa juani tangu asubuhi, na hakuulowesha. Alimbwaga juu yake, samaki akaruka, akamkandamiza kwa kitambaa kikavu, kile cha kupangusia rili. Picha ya kwanza, kidole kimeziba shavu la samaki, haikubaliki. Ya pili, kivuli. Ya tatu ilikuwa safi: mdomo umefungwa, mkia umenyooka, kibati cha namba ya mshiriki kinasomeka. Akaituma kwa kamati papo hapo. Kazi ilikuwa imekwisha. Alichobakiza ni kufungua mikono tu.

Lakini alitaka moja ya kwake. Akaegemeza simu kwenye sanduku la zana, akamning'iniza samaki kwa mdomo kwa mkono mmoja, fimbo mkono wa pili, akatabasamu. Simu ikaanguka. Akaiegemeza upya. Kofia ilikuwa imekaa upande, akaiweka sawa, akatabasamu tena.

"Mwambie amrudishe," mama akasema. "Anamuua."

Nikapaza sauti. Mjomba akaweka kidole mdomoni mwake, ninyamaze: kelele hutisha samaki.

Alipomshusha majini, samaki alilala ubavu. Akamshika mkiani, akamsukuma mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama mtu anayesuuza shati. Akamwachia, tumbo likageuka juu, jeupe. Akamsuuza tena. Nilimwona anavyogeuza shingo kuangalia kama kuna mwanachama karibu. Hakukuwa na mtu ila sisi, na sisi hatukuwa mtu. Akampakata yule samaki na kupiga kasia mpaka ukingoni.

"Dada, shikamoo. Chukua mboga."

Mama alisimama. Katika maisha yake yote huyu hakuwahi kumletea samaki hata wa kunusa. "Marahaba, mdogo wangu," akasema, na uso wake ulikunjuka kwa namna ambayo mpaka leo nikiikumbuka natamani kuvunja kitu. "Leo umekumbuka nyumbani." Kisha akamtazama vizuri yule samaki, akauliza habari ya sheria yao.

Mjomba akamwambia asiwe na wasiwasi. "Wakikuuliza, mimi nipo. Nitaongea nao."

Akarudi majini haraka. Mama akamweka samaki kwenye ndoo yake, akamfunika kwa gunia bichi.

Mlinzi wa klabu alipita baadaye kidogo. Si mtu mbaya, ni mtu anayelipwa kuangalia ndoo za watu, na mkia wenye pengo ulikuwa umechungulia nje ya gunia. Picha ya samaki huyo ilikuwa imeshazunguka kwenye simu zote za klabu, kwa kuwa hakuna aliyempita kwa urefu siku hiyo. Mama akaambiwa abebe ndoo yake na aende hemani. Nikaenda naye.

Hema lilikuwa na viti vya kukunja, jaketi zinazokauka, na masanduku ya vinywaji baridi. Samaki akalazwa mezani. Daktari wa meno akamfungua mdomo kwa kidole gumba, kwa mazoea ya kazi, akamwangalia ndani, akamfunga. Wanachama wakasogea. Mmoja akasema hii ndiyo sababu yenyewe, kwamba wao wanaachia na hawa wanabeba, na kila siku wamekuwa wakilisema. Mjomba alisimama nyuma yao, jaketi bado mwilini. Nilimngoja akohoe aanze kuongea.

"Fundi," mwenyekiti akamuuliza, "huyu ulimwachia akiwa mzima?"

"Aliondoka mwenyewe, mwenyekiti. Na maji akanirushia kwa mkia."

"Na huyu mama unamfahamu?"

Mjomba alimtazama samaki, si mama. "Namwona-mwona tu hapa ukingoni," akasema.

Nikasema mimi. Nikasema huyo ni dada yake, tumbo moja, ziwa moja, na kwamba samaki huyo alikufa mikononi mwake kwa kupigwa picha, akamleta kwetu akiwa maiti. Sikusema kwa adabu. Wote wakamgeukia mama, kwa sababu neno lake ndilo lililobaki. Akitikisa kichwa tu kukubali, pembe yake inasalimika na kadi ya mdogo wake inakwenda na maji. Mwenyekiti mwenyewe alishaanza kumwangalia mjomba kwa jicho jingine.

Mama alimtazama ndugu yake muda mrefu. Yeye alikuwa anatazama viatu vyake vya mpira.

"Kijana amepigwa na jua," mama akasema. "Mimi sina ndugu hapa. Samaki nimemvua mwenyewe."

Mjomba akashusha pumzi. Niliisikia ikitoka, ndefu, ya raha, kama ya mtu aliyetua mzigo. Mshipi wa mama ukachukuliwa pamoja na kopo lake, na akaambiwa asionekane tena ukingoni. Aliinua ndoo tupu, akawaaga, tukaondoka. Nyuma yetu mtu alianza kupiga makofi, wengine wakafuata; walikuwa wanampongeza mshindi.

Njiani nilimuuliza mama kwa nini amemwokoa mtu wa namna ile. Nilisema mengi, kuhusu haki na kuhusu woga, na kwamba anayenyamaza humnenepesha mwonevu. Aliniacha nikachoka. Kisha akaniambia hakumwokoa mtu.

"Kaulizwa mbele ya watu, kasema hanijui. Sasa nimthibitishe? Ndugu wa kuthibitishwa kwa mashahidi, mwanangu, ni wa kufanyia nini?"

Kadi mjomba aliipata. Wiki ileile ilitundikwa pale kibarazani, ndani ya fremu, juu ya meza ambayo haina cherehani tena, kwa kuwa yule mama wa gauni za maharusi na wenzake walishampata fundi mwingine. Na wanachama waliendelea kumletea rili zao, sasa nyingi kuliko mwanzo. Lakini sasa ni mwenzao. Mwenzako humlipi, mwenzako unamwambia "nitazamie hii" na unamgonga begani. Mwenyewe ananieleza hilo kwa fahari, kwamba zamani walimwita fundi na sasa wanamwita kwa jina. Nimemuuliza kama jina linapikika. Akasema sisi tuliosoma tuna kejeli nyingi.

Mama alifunga mshipi mwingine, akahamia kuvua chini ya ukuta wa bwawa, ng'ambo, ambako maji ni ya kasi na perege ni wachache na wadogo. Hasemi kitu. Mimi ndiye ninayesema, na nitaendelea, maana ukingo ule haukuchimbwa na daktari wa meno.

Mjomba hakuja kwetu kwa muda. Kisha Jumapili moja akaja, jaketi la klabu mwilini, kadi imening'inia shingoni. Huyu ni mtu aliyekuwa akiingia kwa mlango wa nyuma, anafunua sufuria kabla ya kusalimia, anakula kwa mwiko akiwa amesimama, na mama anamtukana huku anamwongezea. Siku hiyo aliita uani kama kawaida, na mama akamjibu kutoka mlango wa mbele. Akamkaribisha sebuleni. Akapangusa kiti, kile ambacho watoto hawaruhusiwi kukikalia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu ukae."

Akamletea chai kwenye trei, kikombe na kisosi chake, sukari kwenye bakuli lake. Akakaa mbele yake, mikono mapajani, akamuuliza habari za huko wanakoishi. Akamuuliza kazi zinakwendaje. Akamuuliza kama wa nyumbani hawajambo, na wa nyumbani kwake ni sisi.

"Dada, ni mimi bwana," akasema hatimaye, akijaribu kucheka.

"Nikuongeze sukari?"

Alikunywa. Chai ilikuwa ya moto na aliinywa hivyohivyo. Alipomaliza akainuka na kikombe chake kuelekea jikoni, kama alivyofanya maisha yake yote, na mama akamtangulia mlangoni akakipokea kwa mikono miwili. Akamwambia aache tu, mgeni hasumbuliwi.

Nilidhani atalia. Nilitaka alie, nasema kweli. Alikohoa kidogo, akasema maji siku hizi yanakataa, akasema ana safari. Mama akamsindikiza mpaka getini, akamshukuru kwa kututembelea, na akamwomba awasalimie huko aendako.